Daku Kabla ya Ganzi

Mkono wa kushoto wa Bashir ndio uliotoa siri yake.

Muadhini akiadhini, mikono yote miwili hupanda masikioni. Bashir wa Matungu alikuwa akifanya hivyo tangu ujana wake, na watu wa pale walimzoea akisimama mbele ya msikiti wao mdogo, viwiko vimetoka nje kama mishikio ya chungu. Basi mwaka jana, mahindi yakipaliliwa, mkono mmoja ukaanza kukosekana. Wa kulia uko sikioni, wa kushoto umeshuka upande wa kinena, umebana hapo juu ya kanzu.

Swafia, mkewe, ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa uani akichambua maharagwe.

"Baba Khadija, mkono wako mwingine umeuacha wapi?"

"Uko."

"Uko wapi? Mbona hauko sikioni?"

"Una kazi nyingine siku hizi."

Lakini jioni Swafia alimlaza kwenye mkeka akamwambia apandishe kanzu, na hapo akaona uvimbe kama yai la bata. Bashir akilala chali uvimbe unajificha, akikohoa unachungulia. Ilikuwa ngiri, ile ambayo hospitalini wanaiita henia. Kila alipovuta ile "hayya" ndefu ya adhana, utumbo ulijisukuma kutoka, naye akaurudisha kwa kiganja huku akiendelea kuwaita watu.

"Tangu lini hii?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Ramadhani gani?"

Akajikuna ndevu.

"Ramadhani gani, Baba Khadija?"

"Ile ya nyuma ya hii iliyopita."

Swafia alimfunika akaenda jikoni, na ile sufuria aliyoichukua huko aliiweka chini kwa kishindo.

Mimi hupita kwao kila nikielekea Butere. Kazi yangu ni kunoa visu na panga, natoka nayo Shinyalu naizunguka nayo dunia yangu ndogo hii, na kwa Bashir sikosangi kitanda. Dini zetu ni mbili lakini chai yetu ni moja. Ndiyo maana mengi ya haya niliyaona, na yale ambayo sikuyaona aliniambia mwenyewe, maana huyu si mtu wa kuficha kitu isipokuwa ngiri.

Watu hudhani sauti ile alizaliwa nayo msikitini. La. Ilitoka kwenye miwa. Alipokuwa kijana alipakia miwa kwenye trela, na wapakiaji walipotaka dereva asimamishe trekta, ni yeye aliyepewa kazi ya kupiga ukelele. Trekta linanguruma, upepo unavuma, lakini Bashir akiita "simamaaa", dereva wa shamba la tatu naye alikuwa akisimama. Muadhini wa zamani, Mzee Abdulmalik, alimsikia siku moja akipita njiani. Akamngoja ashuke kwenye trela, akamwambia, "Kijana, sauti hii unaimaliza kwa trekta, na trekta halina roho. Njoo kesho alfajiri." Akaenda. Akaendelea kwenda hata baada ya Mzee Abdulmalik kuzikwa. Mchana anatengeneza baiskeli kwenye kona ya soko, na ukifika wakati wa swala anajifuta grisi kwa mchanga na sabuni, anatia udhu, anaita. Msikiti una spika, lakini stima ya huko ni kama mgeni mkubwa, huja inapotaka. Bashir hakuwa na haja nayo.

Na kuna adhana nyingine aliyoijua, ile ya chini kabisa. Mtoto akizaliwa katika nyumba ya Kiislamu huadhiniwa katika sikio la kulia, ili neno la kwanza la dunia limfikie akiwa bado wa moto wa tumbo la mama. Ukizunguka Matungu utaona vijana wenye ndevu, wengine sasa ni madereva wa pikipiki, ambao Bashir aliwaadhinia wakiwa ndani ya kanga. Mtoto wake mwenyewe ni mmoja tu, Khadija, aliyeolewa na Jamal hapo hapo kijijini. Khadija alikuwa amebeba mimba mara mbili na mara mbili ikatoka. Mwaka jana alikuwa na ya tatu, nayo ilikuwa imekaa. Hakuna aliyeitaja kwa sauti. Ila Bashir alianza kutengeneza kitanda kidogo cha mtoto kwa mabomba ya baiskeli mbovu, akisema ni kiti cha kuuza.

Swafia alipomsihi aende hospitali akakatwe, alikataa, na alichoogopa si kisu. Aliogopa kwenda kukatwa arudi hana sauti, mjukuu azaliwe, na sikio lile liadhiniwe na mtu mwingine.

Hofu hiyo alipewa na jirani yake, Osundwa, mkulima wa miwa anayeimba sauti nzito katika kwaya ya kanisa lao. Ua wa mabua tu ndio unaowatenga.

"Shekhe, nasikia unaenda kupasuliwa."

"Nani kakwambia?"

"Huu ni ua wa mabua, Bashir. Mimi nasikia hata mkigombania kijiko." Osundwa akaegemea pale penye pengo. "Mimi nilipotolewa kidole tumbo walinipiga nusukaputi. Unajua nusukaputi? Nusu ni nusu. Kaputi ni kufa. Unakufa nusu."

"Na nusu ile nyingine?"

"Hiyo inabaki kukuchunga."

"Halafu?"

"Halafu wanakupitishia mpira hapa," akagusa koo lake, "mpaka huku ndani, ndio unakuvutia pumzi. Nilipoamka nikamsalimu muuguzi. Nikasikia bata ameitikia. Nikachungulia chini ya kitanda."

Swafia alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Bashir hakucheka.

"Huyo bata alikaa nawe mpaka lini?"

"Oh, alikaa. Krismasi ile niliimba kama mtu anasaga mtama."

Baadaye Dinah, mke wa Osundwa, aliniambia bata aliondoka kabla ya Jumapili, na kwamba Krismasi ile mumewe aliharibu wimbo kwa sababu hakuja mazoezini. Lakini Dinah hakuwa hapo uani siku ile, na neno likishaingia sikioni halina mlango wa kutokea.

Wiki chache zikapita hivyo, mkono ukibana. Kisha alasiri moja ngiri ikatoka ikakataa kurudi. Bashir alilala chali chini ya paa la msikiti jasho likimtoka, Jamal amemshika kichwa, hata ikarudi yenyewe kwa mlio mdogo. Kesho yake Swafia alivaa buibui la safari, akachukua mfuko, akamwambia, "Twende Kakamega. Na wewe Mzee wa Visu, utatusindikiza, kwa maana huyu anaweza kushuka njiani." Nikawasindikiza.

Hospitali tuliyokwenda sitaitaja, haina kosa wala haihitaji sifa zangu. Daktari wa upasuaji alimpima, akasema ikatwe upesi. Siku ikitoka na kukwama kabisa, alisema, hakutakuwa na nafasi ya kuchagua chochote. Akatutuma kwa daktari wa usingizi. Ndivyo watu wanavyomwita, ingawa yeye mwenyewe alisema si daktari, ni klinikal ofisa aliyesomea nusukaputi. Alikuwa Beverly Simiyu, binti wa upande wa Bungoma, mwenye sauti ndogo ya mtu aliyezoea kuongea karibu na waliolala. Alimtazama Bashir kinywani, akamwambia afungue sana, akamgeuza shingo, akamuuliza habari za presha na za kifua na za meno yanayolegea. Mwisho akaketi.

"Mzee, unaogopa nini zaidi?"

"Sauti."

"Sauti gani?"

"Hii." Bashir akamweleza kazi yake, na bata wa Osundwa, na nusu ya kufa. Kuhusu mjukuu hakusema. Swafia ndiye aliyesema, akiangalia mfuko wake.

Beverly hakucheka bata. Alisema mpira wa koo upo kweli, na kweli mtu huweza kuamka na koo linalowasha na sauti ya kukwaruza, kwa wengi siku chache tu. Kupotea kabisa ni nadra, lakini hawezi kumwapia mtu anayeishi kwa sauti. "Lakini nani alikwambia njia ni moja?"

"Osundwa."

"Basi mpe Osundwa salamu. Kuna kulala kabisa, hujui kitu, na mpira ndio unakupumulia. Kuna ganzi ya pale pale penye kisu, wewe uko macho. Hiyo inafaa kwa ngiri ndogo. Yako imekaa, imejijengea nyumba, sitaki uisikie ikivutwa. Halafu kuna ganzi ya mgongo. Sindano moja nyembamba hapa chini ya kiuno, na kuanzia kitovuni kwenda chini hakuna mwenyewe. Juu kote ni wewe. Unapumua mwenyewe, unaongea mwenyewe. Koo lako sitaligusa."

"Hutaligusa."

"Ganzi ikishika vizuri, sitaligusa. Ikikataa, na mara chache hukataa, itabidi nikulaze. Hilo nakuambia leo usije ukasema nilikuficha. Na ukiwa na wasiwasi pale kitandani naweza kukupa dawa kidogo kwa mshipa, usinzie tu kama mtu baada ya chakula cha mchana. Hiyo ni usingizi mwepesi, ukiitwa unaitika."

Bashir alifikiri. Akauliza kama mtu akichomwa mgongo hatembei tena. Beverly akasema miguu itarudi kabla ya jioni, labda na kichwa kitauma siku mbili tatu, anywe maji. Akauliza kama kisu atakiona. Akasema kutakuwa na pazia. Akauliza kama pazia ni zito. Hapo Swafia akamfinya.

"Nataka ya mgongo," akasema.

"Sawa. Kesho kutwa asubuhi uje ukiwa umefunga."

Kwa mara ya kwanza siku ile Bashir akatabasamu. "Binti, hilo niachie mimi. Nimefunga tangu nikiwa na meno ya utoto."

"Afadhali. Wengine hunisumbua sana kwa hilo."

Wakaagana, kila mmoja ameridhika.

Siku yenyewe tulifika mapema, tukitokea kwa binamu yake Swafia anayekaa hapo mjini. Wakamvalisha Bashir gauni la kijani lililo wazi mgongoni, akalishika kwa nyuma kwa mikono miwili kama mtu anayeficha mkia. Wakamlaza, wakamtia sindano ya maji mkononi. Beverly akaja amevaa kofia ya kitambaa.

"Habari ya asubuhi, mzee. Umefunga?"

"Alhamdulillahi, nimefunga."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu alfajiri."

Beverly alikuwa ameshika chupa ya maji ile, akaiacha. "Na kabla ya alfajiri?"

"Kabla ya alfajiri nilikula daku."

"Daku ndiyo nini?"

Swafia akasogea mbele, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa yake na hakutaka ipotee. "Ni chakula cha kumpa mtu nguvu za kufunga, daktari. Huliwa kabla alfajiri haijaingia. Hatuachi mtu afunge bila daku. Binamu yangu alichinja kuku. Amekula obusuma na ingokho, yaani ugali na huyo kuku, akashushia chai ya maziwa. Nikamwongeza paja, nikijua hii ni safari."

"Paja, mama."

"Yote mawili," akasema Bashir kwa heshima.

Binti yule aliketi ukingoni mwa kitanda. Aliwaangalia wote wawili, mzee katika gauni la kijani na mkewe mwenye mfuko, wametulia kama watoto waliofanya kazi ya nyumbani yote na kuileta safi. Akajifunika uso kwa mikono, nikadhani analia. Mabega yalikuwa yakicheka.

"Kwetu," akasema alipoweza, "mtu akifunga kwa maombi analala bila kula, anaamka bila kula. Hilo ndilo nililosema. Mimi na wewe tulitumia neno moja, mzee, na kila mtu akaenda nalo nyumbani kwake."

"Lakini ninachomwa mgongo," Bashir akasema. "Kuku yuko tumboni. Wana shauri gani pamoja?"

"Ganzi ikikataa nitakulaza. Na wewe ukilala, koo nalo linalala. Sasa hivi koo lako ni bawabu, linajua chakula kipite wapi na pumzi ipite wapi. Likilala halijui. Kuku anaweza kupanda akaingia mapafuni, na huko hatoki kwa heri. Ndiyo maana nataka tumbo tupu hata kwa sindano ya mgongo." Akasimama. "Leo haikatwi."

Uso wa Bashir ulianguka. Aliweka mkono wa kushoto kinenani, hata pale alipokuwa amelala na hakuna kilichotoka.

"Binti, Khadija mwezi wake ni huu."

Beverly alitoka nje. Alikaa kidogo, akarudi. Alikuwa amemwomba daktari wa upasuaji amweke wa kwanza kesho, na Bashir alale hapo hapo wodini wamwangalie. "Na usiku huu hakuna kula. Hakuna paja. Hakuna chai. Maji matupu nitakwambia mwisho wake saa ngapi. Tumeelewana?"

"Hakuna daku," akasema Bashir.

"Hakuna daku."

Muuguzi wa zamu ya jioni, aliyekuwa amesikia habari nzima, alibandika karatasi juu ya kitanda chake yenye maneno hayo mawili, herufi kubwa. Wagonjwa wa wodi ile wakamwita Mzee Hakuna Daku mpaka siku ya kutoka. Mmoja aliyevunjika mguu kwa kuanguka kwenye trela ya miwa alikuwa akipewa uji, akigeukia upande mwingine kuunywa kwa adabu.

Yaliyotokea thieta, chumba cha kupasulia, sikuyaona. Aliniambia Bashir.

Walimkalisha ukingoni mwa kitanda chembamba, wakamwambia ajikunje kama paka, akumbatie mto. Alisema mgongo ulipakwa kitu cha baridi, kisha ikaja sindano ndogo kama ya siafu, kisha msukumo tu, si maumivu. Joto likashuka miguuni kama mtu aliyejimwagia maji ya udhu yenye moto. Wakamlaza. Beverly alikaa kichwani pake, akaanza kumgusa ubavuni kwa pamba yenye spiriti.

"Baridi?"

"Kulia hapana. Kushoto baridi."

Akangoja. Akagusa tena.

"Hapa?"

"Baridi, binti."

Daktari wa upasuaji alikuwa amesimama na mikono yake iliyooshwa, hagusi kitu. Bashir aliona pazia limeshawekwa. Aliona pia, kwenye meza ya pembeni, mpira wa koo, mweupe, umelala ndani ya karatasi yake ukingoja. Aliniambia, "Rafiki yangu, niliutazama kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani." Beverly akamwambia muuguzi azungushe kitanda kiinamie kushoto kidogo, akashika kile kiganja cha Bashir cha kushoto kilichokuwa kikitafuta kinena ambacho hakipo tena.

"Usiogope. Wakati mwingine dawa inachelewa upande mmoja, kama maji shambani. Ongea nami. Nikisikia sauti yako najua uko sawa."

"Niseme nini?"

"Chochote. Unaitaje watu?"

Hakuweza kuadhini pale, hapakuwa mahali pake. Alimwambia habari za trekta. Alimwambia alivyoita "simama" na dereva wa shamba la tatu akasimama. Alimwonyesha hata ile sauti, ndogo tu, ya kunong'ona, na muuguzi akasimama kweli na sinia lake, wote wakacheka, na katika kucheka huko Beverly akamgusa kwa pamba tena.

"Hapa?"

"Wapi?"

"Hapa ninapogusa."

"Bado hujagusa," akasema Bashir.

"Nimegusa mara tatu." Akamwitikia daktari kwa kichwa.

Alimuuliza kama anataka ile dawa ya kusinzia. Bashir alimuuliza wao watachukua muda gani, na kama adhuhuri itakuta bado wako hapo. Akaambiwa hapana, wao ni wa kwanza, lakini wasimamizi wa vifaa walichelewa kidogo, huenda ikawa karibu. "Basi niachie masikio yangu," akasema. Hakulala. Alisikia vyuma vikigongana mbali, kama mtu anayeosha vyombo nyumba ya pili. Aliona mguu ukiinuliwa, akamuuliza Beverly ni wa nani. Na walipokuwa wakishona, kupitia dirisha lile la juu ikaingia adhana ya mjini. Bashir aliijibu neno kwa neno chini ya pumzi, jinsi anavyojibu anayesikia, na alipofika kwenye "hayya" hakuna kilichotoka mahali popote. Alijua pale, alisema, kabla daktari hajamwambia, kwamba kazi imeisha.

Mimi na Swafia tulimkuta wodini akiitazama miguu yake mwisho wa kitanda.

"Hii si yangu," akatuambia. "Mnisaidie kumtafuta mwenyewe, asije akahangaika."

Sauti ilikuwa ile ile. Swafia aliisikia, akashika chuma cha kitanda. Kisha akamuuliza kama ana njaa, na wodi nzima ikamjibu, "Hakuna daku!"

Beverly alipita jioni, vidole vya miguu ya Bashir vimeanza kucheza. Akamwambia asiinue mzigo wiki sita, asisukume baiskeli kupanda mlima, asipige kelele. Akikohoa abane mto tumboni.

"Na adhana?"

"Ile ya msikitini ngoja. Kidonda cha ndani kinashikana polepole. Ukiipiga ile ya trekta utanirudia hapa."

"Na ile ya sikioni?"

"Ikoje hiyo?"

Akamwomba ainame. Beverly aliinama, na Bashir akamnong'oneza mwanzo wake, maneno mawili tu. Akainuka taratibu, akarekebisha kofia yake.

"Hiyo," akasema, "hata leo."

Kwa hiyo Matungu ikaadhiniwa na Jamal. Jamal ni kijana mwema, fundi wa simu, lakini sauti yake ni ya bawaba. Osundwa aliegemea pengo la ua kila jioni kuja kumwambia mgonjwa habari.

"Shekhe, ng'ombe wangu wamegoma kurudi. Wewe ukiita wanajua ni jioni. Huyu akiita wanadhani kuna mlango umebaki wazi."

"Usimchekeshe," Swafia akamwambia. "Akicheka kidonda kinamuuma."

"Sichekeshi, mama. Naleta malalamiko ya ng'ombe."

Bashir alibana mto tumboni, machozi yakimtoka, akimwonyesha kwa mkono aondoke.

Mtoto alikuja mwezi huo huo, kituo cha afya cha karibu, mchana. Jamal alikuja kutuita akikimbia, hata viatu vimegeuka. Wakati huo Bashir alikuwa akitembea hatua fupi, mkono wa kulia juu ya bega langu. Osundwa naye akafuata, amebeba mto.

Alikuwa msichana. Khadija alikuwa amelala ubavu, uso umechoka, macho yamefunguka kabisa kama mtu anayelinda kitu. Mtoto alikuwa akilia. Alilia kwa nguvu, mdomo wote, uso umekuwa mwekundu.

"Hiyo sauti ni ya kwenu," Osundwa akamwambia Bashir. "Trekta litasimama."

Swafia alimwinua mtoto akamwangalia mumewe kwanza, kinena chake, mikono yake. "Utaweza kumshika?"

"Mpe," akasema Khadija.

Bashir aliketi kwenye benchi. Alimpokea kwa mikono yote miwili, wa kulia chini ya kichwa, wa kushoto chini ya makalio, akamsogeza mpaka sikio la kulia likawa karibu na midomo yake. Akaadhini. Mimi niliyesimama hatua mbili sikuyasikia maneno, niliona tu ndevu zikisogea. Hakuharakisha. Mahali pa "hayya" aliivuta ile pumzi ndefu, akaitoa yote, laini, na mkono wa kushoto ukabaki pale ulipokuwa, chini ya mtoto.

Mtoto alinyamaza katikati. Alipiga mwayo mkubwa usio na meno. Alipogeuziwa sikio la kushoto kwa ajili ya ikama alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi.

Osundwa alichungulia juu ya bega langu, mto wake ameukumbatia kifuani.

"Bashir," akanong'ona, "huyu umempiga nusukaputi."

Bashir alitikisika kwa kicheko asichokitoa, na Swafia akautwaa ule mto haraka akambania tumboni, kwa sababu mikono ya mumewe ilikuwa na kazi.